Kabla ya Hadubini

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa udaktari anapoketi kwenye hadubini, huwekewa kipande cha kioo chenye urefu wa milimita 75 na upana wa milimita 25. Katikati yake pana doa la waridi na zambarau, dogo kuliko ukucha. Anazungusha skrubu ya pembeni, ukungu unaondoka, na ndani ya doa zinajitokeza seli kwa maelfu: viini vyake, mipaka yake, mistari ya misuli, mishipa ya damu iliyokatwa. Mwalimu anamwambia, huu ni utumbo mwembamba, chora unachokiona. Anachora. Mara chache hupatikana mtu wa kumweleza kwamba doa lile limekaa mikononi mwa mtu siku kadhaa, na kwamba kila mstari anaouchora unaonekana kwa sababu mtu huyo hakuruka hatua hata moja.

Mtu huyo ni mtaalamu wa maabara ya histolojia, fani inayochunguza tishu za mwili kwa hadubini. Jina lake haliandikwi kwenye slaidi wala kwenye vitabu vya anatomia, lakini somo zima la seli limesimama juu ya kazi yake. Nimemtazama mmoja wao jijini Dar es Salaam, mama wa makamo ambaye wanafunzi humwamkia "Shikamoo, Mama" wanapopita mlangoni, naye huitikia "Marahaba" bila kuondoa macho kwenye wembe. Nilikifuata kipande kimoja cha utumbo mwembamba tangu kilipoingia kwenye chupa hadi kilipofika chini ya lenzi. Nazieleza hatua kama zilivyofuatana, kwa kuwa uzuri wa kazi hii umo katika kufuatana huko.

Kipande kimetoka chumba cha upasuaji. Ni ukingo usiougua wa utumbo uliokatwa kwa sababu ya ugonjwa, na mwenyewe ameridhia kitumike kufundishia. Hapa ndipo penye haraka kuliko popote katika kazi nzima. Utumbo una vimeng'enya vya kusaga chakula, na damu ikishakatika, vimeng'enya hivyo huanza kuusaga utumbo wenyewe. Haupiti muda utando laini wa ndani unalegea na kumomonyoka. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako: tishu iliyosahaulika mezani haifi tu, hugeuka kuwa kitu kingine, na hakuna rangi itakayoirudisha ilivyokuwa.

Kwa hiyo Mama anaenda mbio bila kupapatika. Anaupasua utumbo kwa urefu kwa mkasi mdogo. Anausuuza kwa maji ya chumvi, akiyamimina kutoka juu, wala hausugui kwa kidole, maana kidole kingekwangua kile hasa kinachotafutwa. Anautandaza juu ya kibao chepesi, upande wa ndani ukitazama juu, kisha anaubana pembezoni kwa pini. Asipoubana, misuli itajikunja na utumbo utajiviringisha ndani ya dawa. Kibao anakigeuza kifudifudi na kukizamisha kwenye chombo cha formalini, ambayo ujazo wake ni zaidi ya mara kumi ya ule wa tishu.

Formalini inayotumika humu ni ya asilimia 10, yaani ina takriban asilimia 4 ya formaldehidi, na imetiwa chumvi za kuizuia isigeuke asidi. Ikiachwa iwe asidi, hukutana na damu na kuacha chembe za kahawia zinazochafua picha nzima. Kazi ya dawa hii ni kuzifunga protini zilipo, moja kwa nyingine, ili zisisogee wala zisioze. Mwaka 1893 daktari Mjerumani Ferdinand Blum, alipokuwa akiijaribu formaldehidi kama dawa ya kuulia vijidudu, aliona ngozi ya vidole vyake mwenyewe imekuwa ngumu. Akatambua kwamba kinachokausha vidole kinaweza kuhifadhi tishu. Tangu wakati huo formalini haijaondoka kwenye maabara za anatomia, kuanzia chupa hii ndogo hadi miili inayolala kwenye ukumbi wa kupasulia wanafunzi wanapojifunza misuli na mishipa.

Kisha ni kungoja. Formalini hupenya tishu kwa takriban milimita moja kwa saa mwanzoni, na kadiri inavyoingia ndani ndivyo mwendo unavyopungua. Mama anaiacha usiku kucha na mchana wa kesho yake. Kesho hiyo utumbo umebadilika: umepoteza wekundu, umekuwa wa kijivu kilichopauka, na ukiuinua kwa kibano haulegei. Sasa anaukata vipande vyembamba kama milimita 3 kila kimoja kwa kisu kikali, kwa mkato mmoja wa kuvuta, hasukumi mbele na nyuma. Kila kipande kinaingia kwenye kaseti, kijisanduku cha plastiki chenye matundu na mfuniko. Ubavuni mwa kaseti anaandika namba kwa penseli. Wino wa kalamu ungeyeyuka kwenye spiriti zinazokuja, na kipande kisicho na namba hakina mwenyewe. Namba hiyo anaiandika pia kwenye daftari, na kila mara kaseti inapohama anaisoma tena kwa sauti ya chini.

Tishu imejaa maji, na inakokwenda ni kwenye nta. Maji na nta havichangamani, kwa hiyo maji lazima yatoke kwanza. Hapa haraka ingeharibu kila kitu. Ukiitumbukiza tishu moja kwa moja kwenye alkoholi isiyo na maji, hunyauka na kujikunja, seli zikavutana na kuchanika. Inapandishwa ngazi: alkoholi ya asilimia 70, kisha 80, kisha 95, kisha 100, na hiyo ya mwisho hubadilishwa zaidi ya mara moja ili lisibaki tone. Kila ngazi ina saa zake. Ipo mashine inayohamisha kaseti yenyewe usiku, lakini mashine haijui imebeba nini. Mama ndiye anayeipangia muda kwa kuangalia tishu: kipande kinene chenye mafuta kinahitaji muda mrefu, kipande kidogo cha figo kikizidishiwa kinakuwa kikavu na kukatika kama unga. Kila aina ya tishu ina ratiba yake, na ratiba zote anazo kichwani.

Baada ya alkoholi huja zailini. Alkoholi nayo haichangamani na nta, bali zailini huchangamana na zote mbili, hivyo hukaa katikati kama mpatanishi. Chombo kiko ndani ya kabati lenye feni ya kunyonya hewa, maana mvuke wake una madhara. Anapofungua kaseti moja kuangalia, kipande kimeanza kuwa angavu, mwanga unapita ndani yake. Ndiyo dalili kwamba alkoholi imetoka. Kama katikati kungekuwa na weupe wa maziwa, angejua maji yamebaki, na angerudi nyuma kwenye alkoholi kuanza ngazi upya. Hakulazimika kurudi, lakini alizifungua kaseti zote, moja baada ya nyingine, kabla ya kuridhika.

Nta yenyewe ni parafini, inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 56 hadi 58. Edwin Klebs alieleza matumizi yake kwenye tishu mwaka 1869, na mpaka leo haijapata mpinzani wa kweli. Ndani ya oveni yenye nyuzi joto 60 hivi, kaseti zinazama kwenye nta iliyoyeyuka, zailini inatoka, nta inaingia mahali pake, hadi ndani ya kila seli. Nta hubadilishwa mara mbili au tatu. Joto likizidi, tishu hukakamaa. Likipungua, nta haipenyi. Mama anaangalia kipimajoto kila anapopita karibu na oveni, hata kama amekiangalia muda si mrefu.

Sasa inakuja hatua inayoonyesha kwamba fundi huyu ni mwanaanatomia pia. Anachukua kibati chenye shimo la mstatili, anamimina nta kidogo chini, anakiinua kipande cha utumbo kwa kibano kilichopashwa moto. Utumbo una pande mbili bapa na kingo. Ukilazwa ubapa wake chini, wembe utakata vijidole vya utumbo kwa upande, na mwanafunzi ataona visiwa vya mviringo vinavyoelea bila kujua vimeshikana na nini. Lazima usimame kwa ukingo, ili mkato mmoja upite kwenye tabaka zote, kuanzia ncha za vijidole hadi ngozi ya nje. Vijidole hivyo havizidi milimita moja. Mama anainamisha uso karibu na kibati, anakisimamisha kipande, anakishikilia hapohapo huku kibati kikigusa bamba la baridi. Nta ya chini inaanza kuwa nyeupe kuzunguka miguu ya tishu. Akishaona imeshika ndipo anapoachia kibano, anamimina nta mpaka juu, na kupachika kaseti yenye namba kuwa kitako. Tishu ikiegemea upande hata kidogo katika sekunde hizo chache, kazi ya siku mbili itakuwa imepotea, nayo haikuegemea.

Vipande vya nta vikishaganda, anavipanga juu ya sinia la barafu. Joto la Dar es Salaam hulainisha nta, na nta laini hukunjamana mbele ya wembe badala ya kukatika. Barafu inaifanya nta na tishu ziwe na ugumu mmoja, na huo ndio ugumu wembe unaoutaka.

Mashine ya kukatia ni mikrotomu. Ina kishikizo cha kipande cha nta, wembe uliosimama mbele yake kwa pembe iliyopimwa, na gurudumu kubwa ubavuni linalozungushwa kwa mkono. Kila mzunguko unashusha kipande kwenye wembe, kisha unakisogeza mbele kwa kiasi kilichowekwa. Kwanza anapunguza uso wa nta kwa mikato minene hadi tishu yote iwe wazi. Anarudisha kipande kwenye barafu kidogo. Anahamia sehemu ya wembe ambayo haijatumika. Halafu anaweka kipimo kwenye mikromita 4.

Mikromita 4 ni sehemu nne kati ya elfu moja za milimita. Chembe nyekundu ya damu ya binadamu ina kipenyo cha mikromita 7 hivi, kwa hiyo mkato huu ni mwembamba kuliko chembe moja ya damu ilivyo pana. Unene huo haupatikani kwa nguvu. Unapatikana kwa mwendo ulio sawa kabisa wa mkono. Mama anazungusha gurudumu bila kuongeza kasi wala kupunguza, na mkato wa kwanza unatoka ukiwa umelala juu ya wembe. Wa pili unatoka ukiwa umeshikana na wa kwanza kwa ukingo wake, wa tatu na wa pili, mpaka unatokea utepe mrefu, mweupe, unaopepea hata kwa pumzi. Anauongoza kwa ncha ya brashi iliyo katika mkono wa kushoto, huku wa kulia ukiendelea kuzungusha. Pale mkato ulipoanza kujikunja kidogo alisimama, akaisogelea nta, akaipulizia pumzi ya joto mara moja, akaendelea. Unyevu wa pumzi ulitosha kuilainisha.

Kuna mwanafunzi aliyekuwa akijaribu mashine ya pili. Mikato yake ilikuwa na mistari iliyonyooka kutoka juu hadi chini. Mama alitazama mara moja tu, akasema, "Wembe wako una pengo. Usogeze." Mikato iliyofuata ilikuwa minene na myembamba kwa kupokezana. Akagusa kishikizo, akakaza skrubu moja. "Kimelegea, mwanangu. Mashine haidanganyi, inakwambia tu nini hakijakazwa." Mwanafunzi akakata tena. Mama alisimama nyuma yake mpaka utepe wa kwanza ulio sawa ulipotoka, ndipo akarudi mahali pake.

Pembeni ya mikrotomu kuna beseni la maji ya vuguvugu, nyuzi joto kama 42, lenye rangi nyeusi ndani ili utepe uonekane. Anauinua utepe kwa brashi na kibano, upande unaong'aa ukiwa chini, na kuulaza juu ya maji kwa kuanzia ncha moja. Joto linaifungua nta, makunyanzi yananyooka yenyewe, na utepe unalala tambarare. Kwa ncha za kibano anautenganisha mahali mikato miwili inapokutana. Anazamisha slaidi kwa mshazari chini ya mkato mmoja, anaigusisha ukingo, kisha anaiinua, na mkato unapanda juu ya kioo bila kukunjika. Kila baada ya kipande kimoja cha nta anaufuta uso wa maji kwa karatasi laini. Seli chache za mtu mmoja zikibaki zinaelea, zinaweza kupanda kwenye slaidi ya mtu mwingine. Kwenye slaidi ya kufundishia hilo lingemchanganya mwanafunzi. Kwenye slaidi ya mgonjwa lingeweza kumpa mtu ugonjwa asiokuwa nao. Mama hufuta maji kwa uangalifu uleule katika hali zote mbili.

Slaidi zinasimamishwa zichuruzike, kisha zinakaa kwenye oveni ili mkato ushike kwenye kioo. Zikitoka, ukizishika juu ya mwanga huoni karibu chochote. Tishu nyingi hazina rangi ya kutosha kuonekana zikiwa nyembamba hivi. Kila rangi atakayoichora mwanafunzi bado haijatiwa.

Nta inaondolewa kwa zailini, na ngazi ya alkoholi inashukwa kinyume chake, kutoka 100 hadi maji, maana rangi ya kwanza inahitaji maji. Rangi hiyo ni hematoksilini. Inatoka kwenye moyo wa mti unaoota Meksiko na Amerika ya Kati, mti ambao Wahispania waliusafirisha Ulaya karne nyingi zilizopita kwa ajili ya kutia nguo rangi. Rangi yake pekee haishiki tishu vizuri. Mwaka 1865 Franz Böhmer aliichanganya na shabu, na hapo ikapata nguvu ya kung'ang'ania kiini cha seli. Kiini kimejaa DNA, ambayo ni asidi, nayo rangi iliyoungana na shabu ina chaji chanya, basi hukamatana.

Mama anazamisha rafu ya slaidi kwa dakika chache. Zikitoka ni nyekundu ya damu ya mzee, kila kitu kimeshika rangi, hata kisichotakiwa. Anazichovya kwenye alkoholi iliyotiwa asidi kidogo, mara moja, mara mbili, akihesabu kimoyomoyo. Asidi inaosha rangi iliyozidi. Akichelewa, inaosha na ya kiini. Kisha anaziweka chini ya maji ya bomba yanayotiririka, na hapo mabadiliko yanatokea mbele ya macho: wekundu unafifia, bluu inapanda. Maji ya bomba yana alkali kidogo, na hiyo ndiyo inayobadilisha rangi. Anachukua slaidi moja, anafuta chini yake, anaiweka kwenye hadubini yake ndogo ya mezani. Anataka viini viwe bluu iliyokolea na sehemu nyingine karibu wazi. Anairudisha kwenye asidi mchovyo mmoja zaidi, maji tena, anatazama tena. Hapo ameridhika.

Rangi ya pili ni eosini, iliyotengenezwa viwandani tangu miaka ya 1870. Hii ina chaji hasi na hushika protini, hivyo sitoplazimu inakuwa waridi, misuli waridi iliyoiva, na chembe nyekundu za damu zinang'aa kuliko vyote. Inachukua dakika moja au mbili. Baada yake slaidi zinapandishwa tena ngazi ya alkoholi, upesi safari hii, maana alkoholi yenye maji huitoa eosini, na zinaishia kwenye zailini safi. Tone la gundi angavu linadondoshwa juu ya tishu. Kioo chembamba cha kufunikia kinagusishwa ukingo mmoja na kushushwa polepole, ili hewa itoke mbele ya gundi. Povu moja dogo lingetosha kumfanya mwanafunzi achore duara ambalo halimo mwilini.

Sasa tuitazame slaidi hiyo. Juu kabisa vijidole vimesimama kwa urefu wake wote, kama alivyokusudia aliposimamisha kipande kwenye nta. Kila kimoja kimevikwa safu moja ya seli ndefu, viini vyake vikiwa vimejipanga upande wa chini kwa usawa. Katikati ya seli hizo kuna nyingine zenye umbo la bilauri, ambazo kazi yake ni kutoa ute. Chini ya vijidole kuna mashimo yanayozama, na kwenye vitako vyake zipo seli zilizojaa chembechembe za waridi kali, zinazolinda utumbo dhidi ya bakteria. Humo ndimo seli mpya zinamozaliwa, zikapanda kwenye kijidole na kudondoka kwenye ncha yake, na tabaka zima hujifanya upya kwa siku chache tu. Chini zaidi kuna tabaka la nyuzi na mishipa, kisha misuli miwili, na kati yake vifundo vya neva ambavyo mtu asiyeelekezwa angevipita bila kuviona.

Anayejua jinsi slaidi ilivyotengenezwa huisoma tofauti na asiyejua. Zile seli za bilauri zinaonekana tupu, lakini hazikuwa tupu. Ute wake haushiki rangi hizi. Seli za mafuta pembeni zinaonekana kama matundu meupe kwa sababu alkoholi na zailini ziliyeyusha mafuta na kuacha ganda. Ufa mweupe kati ya tabaka mbili huenda haukuwemo mwilini, ni tishu imenyauka njiani. Na misuli miwili inayoonekana ya aina tofauti, mmoja wa nyuzi ndefu na mwingine wa vidoadoa, ni misuli ya aina moja inayoelekea pande mbili. Ni sawa na muwa: ukiukata kukingama unapata duara, ukiupasua kwa urefu unapata ubapa, ukiukata kwa mshazari unapata yai, na muwa ni uleule. Mwanafunzi aliyekaa saa moja karibu na mikrotomu halisahau hili, kwa kuwa ameona mkato ukitoka na anajua ni ubapa mmoja tu wa kitu chenye kina.

Wakubwa wa fani hii walilijua hilo kwa mikono yao. Camillo Golgi aligundua njia yake ya kutia neva rangi nyeusi kwa madini ya fedha mwaka 1873, akifanya kazi katika jiko la hospitali alilolifanya maabara. Santiago Ramón y Cajal aliichukua njia hiyo, akairekebisha, akakata mwenyewe mikato ya ubongo na kuichora kwa kalamu, na mwaka 1906 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobeli. Hata ilipokuja hadubini ya elektroni, inayoonyesha mitokondria na ribosomu ambazo slaidi yetu haiwezi kuzionyesha, kazi iliyofungua njia ilikuwa ya jikoni namna hii: mwaka 1952 George Palade alichapisha njia bora ya kuhifadhi seli kwa dawa ya osmiamu iliyosawazishwa asidi yake. Bila hiyo, ndani ya seli kungeonekana vifusi. Yeye na wenzake Albert Claude na Christian de Duve walitunukiwa Nobeli mwaka 1974. Kwa mikato hiyo nta haitumiki, hutumika resini ngumu, wembe ni wa kioo au almasi, na unene hupimwa kwa nanomita. Utulivu wa mkono ni uleule.

Ndiyo maana naamini kila mwanafunzi wa tiba angepaswa kupitishwa kwenye chumba hiki kabla ya kukabidhiwa hadubini, akaona kipande kimoja kikitoka kwenye formalini mpaka kwenye gundi. Angejifunza anatomia vizuri zaidi, kwa kuwa angeacha kuiamini picha kiupofu na kuanza kuiuliza ilivyopatikana. Angejifunza pia jambo ambalo litamfaa wodini. Hatua hizi ndizo zinazopitiwa na kipande kinachotolewa kwenye uvimbe wa mgonjwa ili kujua kama ni saratani. Ndugu wa mgonjwa watamwuliza kwa nini majibu hayatoki leo, na ataweza kuwaeleza bila kubabaisha: formalini inataka usiku wake, alkoholi inataka ngazi zake, nta inataka saa zake, na kuna mtu ambaye hataupitisha mkato wenye shaka ili awahi. Siku hizo kadhaa ndizo zinazolifanya jibu liweze kuaminiwa.